Dorothy Hodgkin: Mama aliyetumia miaka 35 kuifahamu sura ya insulini

Mgonjwa wa kisukari anayejidunga insulini kabla ya kunywa chai ya asubuhi anatumia dawa yenye masharti mawili: haimezwi kama kidonge, na haiachwi juani. Masharti yote mawili yana sababu moja. Insulini ni protini, na protini hufanya kazi kwa umbo lake. Tumbo huikatakata kama linavyokatakata nyama na maharage, joto huikunjua. Umbo likiharibika, kazi nayo imekwisha.

Aliyelifichua umbo hilo ni mwanamke wa Kiingereza aliyezaliwa Afrika, Dorothy Crowfoot Hodgkin. Alianza kuichunguza insulini mwaka 1934 akiwa na umri wa miaka 24. Alipofika mwisho wa safari, mwaka 1969, alikuwa na miaka 59.

Mtoto wa Cairo na Khartoum

Dorothy alizaliwa Cairo, Misri, Mei 12, 1910, akiwa kifungua mimba wa mabinti wanne. Baba yake, John Crowfoot, alikuwa mtumishi wa idara ya elimu, kwanza Misri na baadaye Sudan. Huko aliongoza Chuo cha Gordon mjini Khartoum, ambacho baadaye kilikuja kuwa Chuo Kikuu cha Khartoum. Mama yake, Grace, alichunguza mimea ya Sudan na ufundi wa kufuma nguo.

Vita Kuu ya Kwanza ilipoanza mwaka 1914, mabinti waliachwa Uingereza mikononi mwa bibi yao na yaya, na kwa miaka mingi waliwaona wazazi wao kwa nadra.

Akiwa na miaka 10 alifundishwa darasani kuotesha fuwele za shabu na mrututu, na tangu hapo hakuziacha. Alipokwenda Khartoum kuwatembelea wazazi wake akiwa na miaka 13, rafiki wa familia, mkemia wa udongo Dk. A. F. Joseph, alimpa sanduku la kemikali ajipimie madini mwenyewe. Shuleni kwao kemia ilikuwa somo la wavulana. Yeye na msichana mwenzake mmoja tu ndio walioruhusiwa kulisoma. Alipotimiza miaka 16, mama yake alimzawadia kitabu cha William Bragg kilichoeleza jinsi eksirei zinavyoweza kuonyesha mahali atomi zilipo. Njia ya maisha yake ikawa imepatikana.

Picha ya kwanza ya protini

Fuwele, kama punje ya chumvi au ya sukari, ni kitu ambacho chembe zake zimejipanga safu kwa safu. Eksirei zikipita ndani yake hutawanywa na atomi, kisha huacha madoa kwenye filamu. Anayejua kupima nafasi na ukali wa kila doa, na mwenye subira ya kufanya hesabu maelfu, anaweza kurudi nyuma na kusema kila atomi imekaa wapi.

Baada ya kusoma Chuo cha Somerville, Oxford, Dorothy alijiunga na John Desmond Bernal huko Cambridge mwaka 1932. Wakati huo wanasayansi wengi walitilia shaka kama protini zina umbo lolote maalumu. Mwaka 1934 Bernal alipata fuwele za pepsini, kimeng'enya cha tumboni kinachosaga chakula. Zilipokaushwa hazikuonyesha kitu. Bernal akagundua kwamba zinapaswa kupigwa picha zikiwa bado ndani ya majimaji yake. Madoa yakajaa kwenye filamu. Protini ilikuwa na umbo.

Siku picha ya kwanza ilipopigwa, Dorothy hakuwepo. Wazazi wake walikuwa wamempeleka London kumwona daktari kwa sababu ya maumivu ya mikono. Ulikuwa ugonjwa wa baridi yabisi, ambao ungemkunja vidole na kumsumbua maisha yake yote. Kazi yake ilidai vidole vya kushika fuwele ndogo kuliko punje ya mchele, naye hakuiacha.

Mwaka huohuo alirudi Oxford. Profesa Robert Robinson alimpa kiasi kidogo sana cha insulini. Alikiotesha kuwa fuwele, akakipiga picha, na usiku alipoyaona madoa alitoka kutembea mitaani kwa furaha. Lakini picha hiyo ilikuwa mlango tu. Molekuli moja ya insulini ina karibu atomi 800. Hakukuwa na hesabu wala mashine ya kuimudu.

Penisilini na vitamini B12

Akaiweka insulini kando bila kuisahau, akashika vitu vidogo zaidi. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, penisilini ilikuwa ikiokoa majeruhi huku wakemia wakibishana jinsi ilivyoundwa. Mwaka 1945 Dorothy alimaliza ubishi: katikati yake kuna pete ya atomi nne, tatu za kaboni na moja ya nitrojeni, iliyobanwa mno.

Pete hiyo ndiyo silaha yenyewe. Kwa kuwa imebanwa, hufunguka kwa urahisi na kukinasa kimeng'enya ambacho bakteria hukitumia kujenga ukuta wake. Ukuta usipojengwa, bakteria hupasuka. Bakteria wengi sugu wa leo wanashinda dawa kwa kuwa na kimeng'enya kinachoikata pete hiyohiyo kabla haijafanya kazi.

Kisha ikaja vitamini B12, ambayo upungufu wake huleta upungufu hatari wa damu. Kazi hiyo ilianza mwaka 1948 na kukamilika katikati ya miaka ya 1950, kwa msaada wa kompyuta za mwanzo kabisa.

Kwa kazi hizo alipewa Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 1964, peke yake, akiwa mwanamke wa tatu kuipata baada ya Marie Curie na binti yake, Irène. Habari ilimkuta Ghana. Mumewe, Thomas Hodgkin, mwanahistoria aliyeandika kuhusu Afrika na harakati zake za uhuru, alikuwa mkurugenzi wa Taasisi ya Masomo ya Kiafrika katika Chuo Kikuu cha Ghana, Legon. Walioana mwaka 1937 na kupata watoto watatu.

Sura ya insulini

Kufikia miaka ya 1960 mambo mawili yalikuwa yamebadilika. Frederick Sanger alikuwa ameonyesha kwamba insulini ina minyororo miwili, mmoja wa asidi amino 21 na mwingine wa 30. Na kompyuta zilikuwa na nguvu. Dorothy na vijana wake, akiwemo Guy Dodson, Tom Blundell na M. Vijayan kutoka India, walitia atomi nzito ndani ya fuwele ili ziwe alama za kupimia. Mwaka 1969 sura ya insulini ilionekana.

Kongosho huihifadhi insulini kwa mafungu ya molekuli sita, zikiwa zimeshikamana kuzunguka atomi za zinki. Fungu hilo ni ghala: molekuli zimefungana, hivyo haziharibiki upesi. Zinapoingia kwenye damu, fungu huachana, na molekuli moja moja huenda kujishikiza kwenye seli ili sukari ipate njia ya kuingia. Upande unaoshikana na wenzake ghalani, kwa sehemu kubwa, ndio pia unaoshikana na seli. Ndiyo maana insulini iliyo kwenye fungu haifanyi kazi mpaka iachane.

Jambo hilo lilifungua mlango wa dawa. Insulini ya kawaida ikidungwa chini ya ngozi huchukua muda kuachana, ndipo mgonjwa huambiwa asubiri kama nusu saa kabla ya kula. Watengenezaji walibadilishana nafasi za asidi amino mbili karibu na mwisho wa mnyororo wa pili. Fungu likawa legelege, dawa ikafanya kazi haraka. Insulini ya namna hiyo iliingia sokoni mwaka 1996.

Sayansi bila mpaka

Dorothy hakupenda mipaka. Mwaka 1953 alinyimwa viza ya kawaida ya Marekani kwa sababu ya uhusiano wake na wanasayansi wapigania amani. Hata hivyo alizuru China mara kadhaa wakati nchi hiyo ilikuwa imejitenga na dunia. Wachina walipoipata sura ya insulini kwa juhudi zao wenyewe, yeye ndiye aliyewatangaza katika mkutano wa kimataifa, akikiri kwamba kwa sehemu fulani ramani yao ilikuwa bora kuliko yake. Kuanzia mwaka 1976 hadi 1988 aliongoza Pugwash, jumuiya ya wanasayansi wanaopinga silaha za nyuklia.

Miongoni mwa wanafunzi wake Oxford alikuwemo Margaret Thatcher, aliyesoma kemia kabla ya siasa. Walitofautiana sana kimsimamo, lakini Thatcher alipokuwa Waziri Mkuu aliitundika picha ya mwalimu wake katika makazi yake ya Downing Street.

Dorothy Hodgkin alifariki Julai 29, 1994, nyumbani kwake Uingereza, akiwa na miaka 84. Miaka ya mwisho alitembea kwa kiti cha magurudumu, lakini aliendelea kusafiri kwenda mikutanoni. Umbo alilolitafuta kwa miaka 35 bado linamtawala mgonjwa wa leo, Kampala au Kigoma: chupa ya insulini iwekwe mahali pa baridi, isigande, isipigwe na jua. Asiye na jokofu huweza kuitia ndani ya mtungi wa udongo wenye ubaridi wa maji. Anachokilinda humo ni mkunjo wa minyororo miwili, na maisha yake yanautegemea.