Kaisari Augustus na Mamba wa Fedha

Neno fedha katika Kiswahili lina maana mbili: madini meupe yang'aayo, na pesa za kununulia. Katika maisha ya Kaisari Augustus maana hizo ziliongezewa ya tatu: fedha kama matini ya mtawala.

Alizaliwa Roma mwaka 63 K.K., akaitwa Gaius Octavius. Julius Caesar, kaka wa nyanya yake, alipouawa mwaka 44 K.K., wasia ulimtaja kijana huyo wa miaka 18 kuwa mwana na mrithi. Vita baina ya Waroma wenyewe vikafuata. Mwaka 31 K.K. aliwashinda Marcus Antonius na Malkia Cleopatra wa Misri katika mapigano ya majini huko Actium. Mwaka uliofuata wawili hao walijitoa uhai mjini Alexandria, na Misri ikawa milki ya Roma.

Mwaka 28 K.K. zilitolewa dinari za fedha zenye uzito wa karibu gramu 4. Upande mmoja ulikuwa na kichwa chake. Wa pili ulikuwa na mamba na maneno ya kutangaza kutekwa kwa Misri. Kwa msomaji wa Mutomo mamba si mgeni, kwani mto Athi, unaotenganisha Kitui na Makueni, una wake. Linalostahili kumshangaza ni jina lisilokuwapo. Antonius, Mroma aliyepigana na Mroma mwenzake, hatajwi. Vita vya ndugu viligeuzwa ushindi dhidi ya wageni, na askari, aliyelipwa dinari 225 kwa mwaka, akapokea ujira pamoja na hadithi hiyo.

Hata hivyo, bonde la Nile lilikuwa na wasimulizi wengine. Muda mfupi baadaye, jeshi la Kush lilivamia kusini mwa Misri na kuteka sanamu za Augustus. Mwaka 1910 wanaakiolojia walifukua huko Meroe, nchini Sudan, kichwa chake cha shaba, kilichokuwa kimezikwa chini ya ngazi za hekalu ili kila aingiaye akikanyage.

Augustus alifariki mwaka 14 B.K. Sarafu yake imetuachia neno dinari, lililotufikia kwa njia ya Kiarabu. Wakenya nao, kwa Katiba ya 2010, walikataza sura ya mtu yeyote kwenye sarafu. Zile zilizozinduliwa mwaka 2018 zina wanyama. Basi mwanafasihi asiidharau sarafu. Aisome kama asomavyo utenzi wa vita, akiuliza ni nani aliyesifiwa, na ni nani aliyeachwa nje.