Abu Bakr al-Razi, Mtoboa Siri

Tunyunyiziwapo marashi ya mawaridi katika Maulidi, yafaa tumkumbuke Abu Bakr Muhammad bin Zakariya al-Razi. Tabibu huyu alizaliwa Rayy, mji wa Uajemi, yapata mwaka 865, akawa mkuu wa hospitali mjini kwao na Baghdad.

Zama zile wajuzi wengi wa kemia waliificha kazi yao kwa mafumbo. Yeye alitunga Kitabu cha Siri, na humo akazitoboa: alitaja vitu, kisha vyombo, kisha namna ya kuvitumia. Alieleza kuchuja, kukausha maji hata chembe zibaki, kama ipatikanavyo chumvi ya Katwe, na kuchemsha mtungini, mvuke upande, upoe katika kifuniko chenye mrija kiitwacho anbiki, udondoke safi. Ndivyo yapatikanavyo maji ya mawaridi.

Uzeeni alipofuka, akafariki Rayy yapata mwaka 925. Macho yalizimika, maandishi yakabaki, yakafasiriwa kwa Kilatini. Basi mtoto wetu wa Busiu achujaye maji ya matope darasani asidhani elimu hiyo ni ngeni kwake. Ni amana ya wazee. Aipokee kwa mikono miwili.