Agricola: daktari wa machimbo aliyeliona vumbi kabla yetu

Leo tuache mpira na siasa kidogo, nawaletea historia ya mzee mmoja wa Kijerumani aliyefariki mwaka 1555. Najua mtasema huyu naye katutoa wapi. Subirini, mtaona anavyotuhusu sisi wa Katoro.

Kaka yangu, mtoto wa mama mkubwa, anapiga kazi kwenye karasha huko machimboni. Jioni akirudi ni mweupe kama katoka kwenye gunia la unga. Sasa ana miezi miwili anakohoa. Nyumbani mmoja kasema amelogwa, mwingine kasema ni baridi tu. Mimi nikaja kafe kutafuta, ndo nikakutana na huyu mzee.

Jina lake la kuzaliwa ni Georg Bauer. Bauer kwa Kijerumani ni mkulima, yeye akalitumia kwa Kilatini, Agricola, maana wasomi wa enzi hizo ndivyo walivyofanya. Alizaliwa mwaka 1494 mji wa Glauchau. Alianza na ualimu, halafu akaenda Italia kusomea udaktari. Mwaka 1527 akapata kazi ya daktari wa mji huko Joachimsthal, ambako siku hizi ni Jamhuri ya Cheki.

Huo mji ndio ulioniacha hoi. Mwaka 1516 yalipatikana madini ya fedha, watu wakamiminika kutoka kila kona, na ndani ya miaka michache pori likawa mji wa maelfu ya watu. Si Katoro hiyo jamani! Sarafu walizotengeneza pale ziliitwa thaler, na jina la dola limetokana na hizo hizo.

Agricola hakukaa ndani kusubiri wagonjwa. Alikwenda machimboni mwenyewe, akaangalia kazi na kuongea na wanaoijua. Akaona kwamba kwenye machimbo makavu vumbi linaingia kooni na kwenye mapafu, mtu anashindwa kupumua, na lingine linayala mapafu kabisa. Akaandika kwamba kwenye milima ya Karpati kuna akina mama walioolewa na wanaume saba, na wote saba wamekufa kwa ugonjwa huo.

Msidhani hakuamini mambo ya mizimu. Aliamini kabisa mashimo mengine yana mapepo, na akaandika hivyo. Lakini vumbi hakuwasingizia mapepo. Alitaka wachimbaji wafunike nyuso zao kwa vitambaa, na akaeleza mashine za kuingiza hewa safi shimoni.

Baadaye alihamia Chemnitz, na mwaka 1546 akawa meya. Kitabu chake kikubwa, De Re Metallica, kilichelewa kwa sababu ya michoro. Yeye akafariki 21 Novemba 1555, kitabu kikatoka 1556. Hata kaburi alinyimwa pale, maana alikuwa Mkatoliki kwenye mji wa Waprotestanti. Ikabidi akazikwe Zeitz.

Sasa turudi kwetu. Jiwe gumu jeupe linalobeba dhahabu lina silika. Ukilitoboa au kulisaga kavu, linatoa vumbi laini hata macho hayalioni. Likiingia kwenye mapafu linaacha makovu, na makovu hayo hayana dawa ya kuyaondoa. Ugonjwa unaitwa silikosisi, na mwenye nao anapata TB kirahisi zaidi. Ni kama asbestosi tu: unavuta leo, unaumwa baada ya miaka, ndo maana vijana tunajiona chuma. Utafiti uliotoka mwaka 2015 kwa wachimbaji wadogo wa dhahabu hapa Tanzania ulikuta wanaotoboa miamba chini ya ardhi wanavuta silika wastani wa mara 337 ya kiwango kinachopendekezwa na taasisi ya afya kazini ya Marekani. Mara 337 wadau!

Kitambaa cha Agricola peke yake hakitoshi, vumbi laini linapita. Jambo la kwanza ni maji: lowanisha jiwe kabla na wakati wa kulivunja. Barakoa iwe ile maalumu ya vumbi, inayobana uso vizuri. Nguo za kazini usiingie nazo ndani watoto wakazivuta. Na ukikohoa zaidi ya wiki mbili nenda kapime, na umwambie daktari kazi unayofanya, usimfiche.

Kaka nimembembeleza mpaka amekubali, jana ametoa makohozi kupimwa. Majibu bado. Ila leo asubuhi karudi karashani, anasema watoto watakula nini. Sikuwa na jibu.

Nyie mlioko kwenye makarasha na maduara, mnafanyaje na hilo vumbi? Bosi anatoa maji na barakoa, au kila mtu na lwake? Tuandikie hapo chini, nitamprintia kaka asome.