Reginald Fessenden: Mtu aliyesikiliza sakafu ya bahari

Tarehe 27 Aprili mwaka 1914, meli ya doria ya Marekani iliyoitwa Miami ilikuwa karibu na mlima wa barafu katika Bahari ya Atlantiki, upande wa Newfoundland. Chombo kizito kiliteremshwa majini, kikatoa mlio mkali. Sauti ikaenda, ikaugonga mlima huo na kurudi melini. Lakini ulisikika pia mwangwi mwingine, uliotoka chini. Bahari ilikuwa imetaja kina chake.

Mwenye chombo hicho alikuwa Reginald Aubrey Fessenden, mtoto wa kasisi wa Kianglikana, aliyezaliwa Quebec, Canada, mwaka 1866. Hakumaliza shahada. Alifundisha Bermuda, alikokutana na Helen Trott, aliyekuja kuwa mkewe, kisha akaenda New York kuomba kazi kwa Thomas Edison. Kwanza alikataliwa, baadaye akaajiriwa, na mwaka 1890 akapunguzwa kazini fedha zilipopungua. Bila shahada, akawa profesa.

Wasikilizaji wa redio wanaomkumbuka Marconi peke yake hawamtendei haki Fessenden. Marconi alituma ishara. Fessenden, Desemba mwaka 1900, alirusha sauti ya mwanadamu hewani kwa umbali wa takriban kilomita moja na nusu, huko Cobb Island, Maryland. Hata hivyo alikuwa mtu mwepesi wa hasira, na mwaka 1911 yeye na wafadhili wake walifarakana na kuishia mahakamani.

Mwaka uliofuata Titanic ilizama na watu zaidi ya 1,500 wakafa. Fessenden alijiunga na kampuni moja ya Boston iliyokuwa ikionya meli kwa kengele za chini ya maji, akaiundia chombo chenye uwezo wa kutuma sauti na kuipokea. Hakuwa peke yake katika fikra hiyo: Alexander Behm wa Kiel, Ujerumani, alikuwa amekwisha kuandikisha hataza yake ya kupima kina kwa mwangwi mwaka 1913.

Kabla ya hapo, mabaharia wa dunia nzima, wa pwani ya Waswahili wakiwamo, walitegemea bildi: kipande cha risasi kilichofungwa kambani, kikateremshwa hadi chini na kamba ikahesabiwa kwa pima. Bildi haidanganyi, lakini hugusa mahali pamoja tu. Baina ya kipimo kimoja na kingine mwamba huweza kujificha, na ramani isiuonyeshe mpaka siku meli itakapoukwaa.

Sauti husafiri baharini takriban mita 1,500 kwa sekunde. Muda wa kwenda na kurudi hugawanywa kwa mbili, na kina kikapatikana. Katika maji marefu saa ya mkononi yaweza kutosha. Pwani ndiko kwenye shida, maana kwenye kina cha mita 10 mwangwi hurejea kwa takriban sekunde 0.013, na hakuna sikio liwezalo kupima muda huo. Ilibidi mashine ipime yenyewe, taa ikimulika mbele ya namba za kina kila mwangwi unaporudi.

Mwaka 1922 meli mbili za kivita za Marekani, Corry na Hull, zilipima maji ya pwani ya California kwa kifaa cha mwanafizikia Harvey Hayes, kilichofuata kanuni hiyohiyo. Mwaka 1923 meli ya upimaji Guide ililinganisha mwangwi na vipimo vya waya, pamoja na joto na chumvi ya maji, kwa kuwa mambo hayo hubadili mwendo wa sauti.

Kesi za Fessenden kuhusu redio zilimalizika kwa maelewano mwaka 1928, naye akapata fedha nyingi. Mwaka 1929 alitunukiwa medali ya dhahabu ya jarida la Scientific American kwa mashine yake ya kupima kina. Helen alisimulia maisha yake katika kitabu kilichochapishwa mwaka 1940.

Yeye mwenyewe alifariki Julai 1932, akiwa na umri wa miaka 65, akazikwa Bermuda, visiwa vilivyozungukwa na miamba ya matumbawe ambayo imekwamisha merikebu nyingi tangu Sea Venture, mwaka 1609.