Langenbuch, daktari aliyethubutu kuutoa mfuko wa nyongo

Leo nakusimulia habari za Carl Langenbuch, mpasuaji wa Ujerumani. Alizaliwa mwaka 1846 mjini Kiel. Mwaka 1873, akiwa bado kijana, alikabidhiwa hospitali ya Lazarus jijini Berlin, akaiongoza hadi alipofariki mwaka 1901.

Zama zile, wapasuaji wachache waliothubutu waliufungua mfuko wa nyongo, wakatoa mawe na kuuacha mahali pake. Mawe yalirudi. Langenbuch aliona kwamba chanzo ni mfuko wenyewe, na kwamba mtu anaweza kuishi bila huo, kwani hata farasi na tembo hawana. Kwanza alifanya mazoezi kwa maiti. Tarehe 15 Julai 1882 alimpasua mwanamume wa miaka 43 aliyeteseka miaka 16, akautoa mfuko wote. Kesho yake mgonjwa hakuwa na homa, tena alikuwa akivuta sigara. Alipona.

Hata hivyo, hatari moja ya kazi hiyo ipo hadi leo. Mrija mdogo wa mfuko huungana na mrija mkuu unaopeleka nyongo kwenye utumbo. Mpasuaji akikata ule mkuu akidhani ni mdogo, nyongo huweza kuvuja tumboni, macho yakawa manjano, na mgonjwa anaweza kufa.

Siku hizi kuna msaada. Kabla ya upasuaji mgonjwa hudungwa kwenye mshipa rangi iitwayo indosianini. Ini huichukua na kuitoa pamoja na nyongo. Kamera yenye mwanga maalumu ikielekezwa pale, mirija hung'aa kwenye skrini kabla mpasuaji hajakata kitu. Lakini mafuta mengi au uvimbe mkubwa huweza kuificha, hivyo umakini wa daktari bado unahitajika.

Naandika haya kwa sababu nawaona wenzetu wa mpakani wakimeza dawa za vidonda vya tumbo miaka nenda rudi, kumbe maumivu yapo chini ya mbavu za kulia na huja baada ya kula mafuta. Nenda ukapigwe ultrasaundi. Ukiambiwa ni upasuaji, uliza mirija itatambuliwaje, na useme mapema kama iodini inakudhuru. Ukivuka mpaka kutafuta tiba, beba vyeti vyako vyote.