Joginder Singh: Kijana wa gereji aliyewatoa jasho wazungu kwa gari la mtumba

Kuna siku moja kwa mwaka ambapo uwanja wa Ngong Racecourse, hapa Nairobi, husahau farasi. Badala ya kwato unasikia injini. Magari ya miaka ya hamsini, sitini na sabini yamepangwa kwenye nyasi, yamepigwa polishi hadi unaweza kunyolea ndevu hapo. Majaji wanainama, wanachungulia injini, viti, buti, hadi chini ya gari kule ambako mimi na wewe huwa hatuangalii. Hiyo ndiyo Concours d'Elegance, mashindano ya urembo wa magari na pikipiki yaliyoanzishwa 1970 na chama cha wamiliki wa magari ya Alfa Romeo.

Mara ya kwanza kwenda huko nilikuwa nimeacha chuo mwaka wa pili, karo imenishinda, na sikuwa na shughuli. Nilienda kupiga picha tu za kuweka mtandaoni. Vijana wote tulikuwa tumejazana kwenye gari moja jekundu la michezo. Hatua chache kutoka hapo kulikuwa na mzee mmoja, mikono imeingia oili ya miaka mingi isiyotoka kwa sabuni, amesimama peke yake mbele ya Mitsubishi Lancer ndogo ya zamani. Kwangu ilikuwa ni mkebe tu. Mzee akaniuliza kama najua ni nani aliyeshinda Safari Rally na gari kama lile. Nikabahatisha nikasema ni Mjapani.

Alicheka mpaka akapangusa machozi. Halafu akanyamaza, na huo unyamavu ndio uliniuma. Nilirudi nyumbani nikaanza kumtafuta mtu huyo. Haya ndiyo niliyoyapata.

Jina lake ni Joginder Singh. Hakuwa Mjapani wala Mzungu. Alikuwa mtoto wa Kericho, kule kwa majani chai, aliyezaliwa tarehe 9 Februari 1932. Baba yake, Battan Singh, alitoka Punjab kuja kutafuta maisha huku, akawa mtu wa gereji. Joginder alikuwa kifungua mimba katika familia ya watoto kumi. Kama umekulia nyumba yenye watoto wengi, unajua maana yake. Kifungua mimba hana muda wa kudeka. Alisomea Nairobi, lakini akiwa bado kijana mdogo tayari alikuwa gereji ya babake, kijana wa spana, yule anayetumwa kuleta namba kumi na mbili na kuambiwa ashike tochi vizuri.

Simulizi nyingi za mashujaa wa magari huanzia kwenye usukani. Yake inaanzia chini ya gari, na hilo ndilo linaloeleza yote yaliyofuata. Kabla ya kujua kuliendesha gari kwa kasi, alijua linavyokufa. Alijua sauti ya beringi inayokaribia kuisha, na harufu ya klachi inayoungua.

Mwaka 1958 akapata kazi ambayo leo ungeidharau. Chama cha magari cha Afrika Mashariki cha wakati wa ukoloni kilimwajiri kuwa mtu wake wa kwanza wa doria, wa kusaidia madereva waliokwama barabarani. Hebu fikiria barabara za wakati huo. Lami ilikuwa ya kuhesabu, mvua ikinyesha udongo mweusi unakuwa gundi, kiangazi vumbi linaingia hadi kwenye meno. Yeye kazi yake ilikuwa kuwakuta watu mahali magari yalipowashinda, na kuyafanya yatembee tena. Wengine wangeona ni kazi ya kuchafuka tu. Kwake ilikuwa shule, na hakuna aliyemdai karo.

Sasa, wakati huo tayari kulikuwa na mbio zilizoitwa Safari. Zilianza 1953 kusherehekea kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Uingereza, na kufikia 1960 zikaitwa East African Safari. Zilikuwa zinafanyika wakati wa Pasaka, msimu wa mvua, zikizunguka Kenya, Uganda na nchi ambayo baadaye ikawa Tanzania. Maelfu ya kilomita, usiku na mchana, kwa barabara zilezile ambazo ng'ombe na mabasi walikuwa wakitumia. Mwaka 1963 magari 84 yalianza, yakamaliza 7. Mwaka 1968 tena yakamaliza 7 tu. Hivyo kumaliza peke yake kulikuwa ni sifa ya kutosha kusimulia wajukuu.

Joginder aliingia Safari mwaka 1959. Katika maisha yake alianza mbio hizo mara 22 na akamaliza mara 19. Soma hiyo tena. Katika mashindano ambayo mwaka mbaya yalikuwa yanameza magari karibu yote, yeye alirudi nyumbani mara 19. Ukiniuliza mimi, hiyo namba inazidi hata ushindi wake. Mbio kama hizo hazimalizwi kwa bahati mara 19. Zinamalizwa na mtu anayesikia gari likilalamika mapema, akajua ni lini alikanyage na ni lini alihurumie.

Halafu ikaja 1965. Mwaka uliotangulia, kiwanda cha Volvo kilikuwa kimeleta timu yake kushindana. Mbio zilipoisha, gari moja, Volvo PV544, lile lenye mgongo wa mviringo kama kobe, likaishia mikononi mwa Joginder. Gari la mtumba, lililokwisha kupigwa na Safari moja. Ungelipeleka mtaani leo, mafundi wangekushauri uliuze vipuri. Yeye alilifungua, akalirekebisha kwa mkono wake, akalifunga, na akamkalisha mdogo wake Jaswant kando yake kama mwelekezi.

Wakashinda. Ndugu wawili wa gereji, na gari ambalo wenye kiwanda walishamalizana nalo. Ilikuwa mara ya kwanza kwa dereva mwenye asili ya Kihindi kushinda Safari akiwa ndiye mshika usukani. Kenya ilikuwa haijamaliza miaka miwili ya uhuru. Wahindi wengi walikuwa bado wanajiuliza kama hapa ni kwao, na Waafrika wengi walikuwa wanawauliza swali hilohilo. Halafu ghafla watu wa kila rangi wako kando ya barabara, matope hadi magotini, wanamshangilia mtu mwenye kilemba. Wazungu walimpa jina la Flying Sikh. Huku nyumbani watu wakamwita Simba.

Usidhani maisha yalinyooka baada ya hapo. Miaka tisa ilipita bila kombe. Mwaka 1969 alimaliza wa pili. Mwaka 1970 tena akawa wa pili. Wakati huohuo mchezo wenyewe ulikuwa unabadilika. Kampuni kubwa za Ulaya na Japani zilikuwa zinamwaga pesa, zikileta madereva wa kulipwa, magari maalum na makundi ya mafundi. Kwa karibu miaka ishirini hakuna mgeni aliyekuwa amewahi kushinda Safari, lakini mwaka 1972 Hannu Mikkola kutoka Finland akaibeba na Ford Escort. Mwaka uliofuata mbio zikaingizwa kwenye msururu wa ubingwa wa dunia. Ungesema enzi ya kijana wa gereji imeisha.

Mwaka 1974 Joginder, sasa akiwa na miaka 42, akaja na Mitsubishi Lancer. Injini yake ilikuwa ya sisi 1600, kubwa kidogo tu kuliko ya Probox nyingi za kubeba miraa. Nyuma yake alimaliza Björn Waldegård wa Sweden, akiwa na Porsche 911. Jina la mwelekezi wa Joginder lilikuwa David Doig. Miaka miwili baadaye, 1976, hao wawili wakarudia tena, na safari hii Lancer zikachukua nafasi ya kwanza, ya pili na ya tatu. Wajapani walipata tangazo la bure ambalo pesa haiwezi kununua. Na wewe ukiona kwa nini wazee wetu waliamini magari ya Japani mapema hivyo, sehemu ya jibu iko hapo.

Hiyo ndiyo Lancer niliyoiita mkebe.

Joginder alistaafu mbio mwaka 1980, na miaka yake ya mwisho akaishi Uingereza. Alifia London tarehe 20 Oktoba 2013, akiwa na umri wa miaka 81. Mimi wakati huo nilikuwa mtoto wa shule, na sikumbuki mtu yeyote darasani kwetu akitaja jina lake. Tulijua majina ya wachezaji wa benchi wa timu za Uingereza, lakini Simba wa Kericho hatukumjua.

Lakini lawama si za watoto peke yao. Safari yenyewe iliyumba. Baada ya 2002 iliondolewa kwenye ubingwa wa dunia, na kizazi chetu kikakua bila kuona ile Pasaka ambayo wazazi wetu wanaisimulia. Ilirudi mwaka 2021, kule Naivasha, na ukiangalia umati wa vijana ulioenda, unaona kiu haikuwahi kufa. Katikati ya hiyo miaka ya ukame, waliobaki wakishikilia kumbukumbu ni watu wa magari ya kale. Mwaka 2003 zikaanzishwa mbio za Safari Classic, za magari ya zamani. Na pale Ngong Racecourse, Concours iliendelea, mwaka mzuri na mwaka mbaya, hadi Korona ikaifungia mlango kama ilivyotufungia sisi sote, kisha ikarudi.

Nasikia watu wakisema maonyesho haya ni ya matajiri wenye kofia kubwa na glasi za mvinyo. Siwezi kukataa kabisa, maana kofia nimeziona. Lakini angalia vizuri nani amefanya lile gari ling'are. Sheria yetu hairuhusu kuagiza magari yaliyozidi miaka 8, kwa hivyo magari mengi ya kale unayoyaona pale hayakushuka juzi kutoka melini. Yalikuwa hapa. Yamepita mikononi mwa mafundi wa Industrial Area na Kirinyaga Road, ambao wamechonga kipuri kwa sababu dukani hakipo tena. Nyuma ya kila kikombe kuna kijana wa spana ambaye jina lake halisomwi kwenye kipaza sauti.

Na hapo ndipo naona hatari. Magari yaliyoshinda Safari hayakuwa vyombo vya ajabu. Peugeot 404 iliyoshinda 1963 na 1968 ni ndugu wa zile zilizobeba abiria na kabeji kwenda sokoni. Datsun zilikuwa za walimu wakuu na wafanyabiashara wadogo. Ndiyo sababu watu walizishangilia, walikuwa wanaona gari la jirani likishinda dunia. Leo hayo magari yako nyuma ya nyumba huko mashambani, kuku wanatagia kwenye viti, na kila wiki anapita jamaa wa vyuma kuukuu na mizani yake. Kila linalopimwa kwa kilo, maonyesho ya kesho yanapungukiwa na gari moja la kwetu, na yanabaki kuwa ya wale wachache tu wenye pesa ya kuhifadhi. Tukifika hapo, ile kelele kwamba ni mchezo wa matajiri itakuwa kweli, na tutakuwa tumeifanya kweli wenyewe.

Mimi sikurudi chuoni. Siku hizi asubuhi niko gereji moja mtaani, naandika jioni. Bado natumwa namba kumi na mbili nikileta namba kumi na nne. Siwezi kukudanganya kwamba kila anayeacha shule atakuwa Joginder. Yeye alikuwa na baba mwenye gereji, na alifanya kazi miaka mingi kabla ya mtu yeyote kumjua. Ila nikiwa chini ya gari na oili inanidondokea machoni, najua kwamba kuna mtu aliyeanzia hapa hapa, na hakuona aibu.

Kwa hivyo nakuomba kitu kimoja. Ukienda ushago likizo hii, na kuna mkweche wa guka au wa babu umefunikwa na magunia, usikimbilie kumpigia simu mtu wa mizani. Kaa na mzee. Muulize alilinunua wapi, lilimbeba nani hospitalini, na ile Pasaka walisimama kona gani kumngoja Simba apite. Halafu fungua boneti.