Semei Kakungulu, Aliyezishika Sikukuu Hadi Mwisho

Tangu tuanze mfululizo wa Walawi 23, washirika wa Bungoma na wa Kitale wananiuliza swali lile lile: kama Kristo ndiye Pasaka wetu, je, tuzishike hizi sikukuu zote saba au tuziache? Wengine tayari wamenunua pembe la kondoo la kupuliza. Wengine wameambiwa huko nje kwamba kila sikukuu ina sadaka yake, na asiyetoa amejifungia mlango wa mwaka mzima. Mimi nilisomea biashara, na nikiona sikukuu saba zina bahasha saba, akili inaanza kupiga hesabu yenyewe.

Lakini sitaki kujibu kwa mzaha, kwa sababu swali si la mzaha. Yuko mtu wa sehemu zetu hizi aliyelichukua kwa uzito kuliko sisi sote. Ukitoka Bungoma ukavukia Lwakhakha au Malaba, unafika Mbale, upande wa pili wa Mlima Elgon. Huko ndiko alikozikwa Semei Kakungulu.

Alizaliwa mwishoni mwa miaka ya 1860, akakulia utumishi wa wakubwa wa Buganda, akajulikana kwa uwindaji wa ndovu na kwa vita. Katika miaka ya 1880 wamisionari wa Kiprotestanti walimfundisha kusoma, na Maandiko aliyoanza kuyasoma yalikuwa ya Kiswahili. Biblia nzima ya Kiganda haikutoka mpaka 1896. Kwa hivyo huyu mzee alianza kwa lugha hii hii unayoisoma sasa.

Vita vyake nitavipita haraka, maana vimeandikwa kwingi. Alipigana upande wa Waprotestanti, kisha upande wa Waingereza, na mwaka 1899 alikuwa katika jeshi lililowakamata Kabaka Mwanga na Mukama Kabalega wa Bunyoro. Akaenda mashariki na watu wake, akajenga ngome, barabara na mashamba, na mji wa Mbale ukaanzia mikononi mwake. Kumbuka kwamba hadi 1902 huku kwetu Bungoma na Kitale nako kulihesabiwa Jimbo la Mashariki la Uganda, kwa hivyo tunaongea habari za jirani kabisa. Aliamini kwamba Waingereza watamfanya mfalme wa nchi hiyo aliyowafungulia. Hawakumfanya. Walimpunguza hadi akabaki chifu wa eneo la Mbale, baadaye wakampeleka kuongoza Busoga kuanzia 1906, na mwaka 1913 akarudi Mbale bila ufalme wowote.

Wako wanaosema yote yaliyofuata yalikuwa hasira tu ya mtu aliyedhulumiwa mshahara na cheo. Uchungu ulikuwepo, sikatai. Lakini uchungu peke yake haumfanyi mtu akae miaka mingi na Biblia magotini. Huyu alikuwa anasoma, na alichosoma kilimsumbua.

Kwanza alijiunga na Wamalaki, watu wa Malaki Musajjakawa. Hao walikataa dawa, za hospitali na za waganga pia, wakakataa na chanjo, na walishika Sabato siku ya Jumamosi. Walipendwa sana kwa sababu walibatiza watu bila kuwaweka darasani miaka na miaka. (Sisi tunaoombea wagonjwa tusiwacheke haraka. Wako kati yetu waliowahi kutupa tembe wakisema ni imani.) Kakungulu akaendelea kusoma vitabu vya Musa, na akafika kwenye tohara.

Hapa Mbukusu anaweza kushangaa: shida iko wapi? Kwetu kijana akifika umri anatahiriwa na ukoo unacheza, na kule Mbale Wagisu wanafanya vivyo hivyo. Lakini kwa Mganda wa wakati ule tohara ilikuwa kitu kigeni, alama ya kuwa Mwislamu. Wenzake Wamalaki wakamwambia kwamba jambo hilo ni la Wayahudi wasiomwamini Yesu. Akawajibu kwamba kama ni hivyo, basi tangu leo yeye ni Myahudi. Mwaka 1919, akiwa mtu mzima wa miaka hamsini hivi, alitahiriwa pamoja na wanawe, akaenda kuishi Gangama chini ya mlima na waliomfuata. Wakaitwa Abayudaya, yaani Wayahudi.

Mwanzoni walichanganya. Desturi kadhaa za Kikristo, ubatizo ukiwemo, ziliendelea kwa muda. Ndipo mwaka 1920 akafika mgeni, Myahudi kwa kuzaliwa, aliyeitwa Yosef, akakaa nao miezi michache. Huyo ndiye aliyewapa kalenda: Pasaka huanguka lini, Baragumu lini, siku ya Upatanisho lini, Vibanda lini, na nyama ichinjwe vipi. Mwaka 1922 Kakungulu akatoa kitabu cha kurasa kama 90 kwa Kiganda, cha maagizo na maombi ya watu wake. Na kadiri kalenda ilivyojaa, ndivyo Agano Jipya lilivyotoka. Alikufa tarehe 24 Novemba 1928 akiwa hamkiri tena Yesu kuwa Masihi.

Wapendwa, hapo ndipo moyo wangu hukwama. Huyu hakuwa mtu wa kudonoa. Hakusema tutapuliza pembe lakini tohara tuiache, tutaleta sadaka ya Vibanda lakini nguruwe tutakula. Alishika kamba akaifuata mpaka ilikofungwa. Paulo aliwaonya Wagalatia jambo hilo hilo katika sura ya 5: ukitahiriwa ili uhesabiwe haki, umejifunga kuishika torati yote. Kakungulu alilielewa hilo kuliko wahubiri wengi wanaouza sikukuu leo, ila yeye alikubali deni lote.

Lawama kubwa mimi naiweka kwa kanisa lililombatiza. Lilimpa Biblia, likamtuma vitani, na alipouliza kwa nini Jumapili na kwa nini si tohara, sioni kama kuna aliyeketi naye chini akamfungulia Matendo 15, halafu Wakolosai 2, halafu Waebrania 9 na 10. Huko ndiko kwenye jibu. Sikukuu ni kivuli, na mwili wenyewe ni Kristo. Mwanakondoo wa Pasaka alichinjwa Golgotha. Malimbuko ni asubuhi ile ya kaburi wazi, kama inavyoeleza 1 Wakorintho 15. Kuhani mkuu ameingia patakatifu mara moja, hatoki tena kutafuta damu ya mwaka ujao. Na siku ya hamsini Roho alishuka, ndiyo maana sisi tumeandika jina la sikukuu ya Kiyahudi kwenye kibao cha kanisa na hatuoni ajabu.

Kivuli si kibaya. Kukisoma kunajenga, na ndiyo sababu tunafundisha Walawi 23. Mkulima wa Kitale anayevuna mahindi mwezi wa kumi anaielewa sikukuu ya Vibanda haraka kuliko profesa. Shida inaanza pale mtu anapoambiwa kwamba baraka yake inangoja tarehe, au inangoja pesa kwenye tarehe hiyo. Mwanamke aliyeuza kuku wa mwisho ili asikose sadaka ya Upatanisho amefundishwa kwamba msalaba ulilipa nusu. Huyo namwogopea kuliko Kakungulu. Mzee alijua ametoka upande gani kwenda upande gani. Mama huyu anafikiri bado yuko hapa.

Abayudaya wapo hadi leo karibu na Mbale, na ni majirani wa kuheshimiwa. Idi Amin aliwapiga marufuku wasiabudu, na wengi wao wakaiacha dini hiyo. Waliobaki waliomba kwa siri. Kampala ikaanguka tarehe 11 Aprili 1979, na jioni ya siku hiyo hiyo Pasaka ya Kiyahudi ilikuwa inaanza. Mpaka sasa wanaisimulia kama kutoka kwao Misri, na mimi siwezi kuwalaumu.

Jumapili ijayo, Bungoma ibada ya kwanza na Kitale ibada ya pili, tutafika kwenye Vibanda, na andiko ni Yohana 7 kuanzia mstari wa 37. Mchungaji mkuu amekubali kwamba bahasha ya sikukuu haitakuwepo. Aliyevuna anaweza kuleta gorogoro moja ya mahindi, itaenda kwa wajane wa kanisa. Asiye na mahindi aje tu.